Jumanne, Saa Mbili na Nusu Usiku

Miaka kumi na tisa nimekata tiketi
katika kibanda hiki chenye dirisha dogo,
nikiwatazama wazazi wa Bytom wakiwavua watoto viatu,
wakiwavisha kofia za mpira,
kisha wakikaa kwenye benchi, taulo mapajani,
kama wasindikizaji wa safari isiyo yao.

Nikamwambia meneja: nipe saa moja tu.
Akacheka. "Nani atakuja, Bogumiła?
Samaki hukunjwa angali mbichi."
Nikamjibu kwamba hata mkavu hulowekwa.
Akanipa Jumanne, saa mbili na nusu usiku,
saa ambayo hakuna aliyeitaka,
boila imeshazimwa na maji yanaanza kupoa.

Tangazo niliandika kwa mkono:
WATU WAZIMA WASIOJUA KUOGELEA.
Sikuongeza neno.
Nikalibandika kwenye duka la mikate, kwenye zahanati,
mlangoni pa kanisa la Mtakatifu Barbara.
Na kwenye karatasi ya majina, mstari wa kwanza,
nikajiandika mwenyewe.
Ndiyo. Miaka kumi na tisa.
Nani humuuliza mwoka mikate kama amekula?

Walijiandikisha kumi na mmoja. Wakaja wanne.
Otylia mshonaji, na vazi alilonunua kwa ajili ya fungate
ya baharini, wakati mumewe angali na nywele;
siku zote saba alikaa mchangani akichunga viatu.
Wit na Gerard, mapacha wa miaka sabini,
kila mmoja akimwambia mwenzake: tangulia, wewe ndiye mkubwa.
Na Zdzisław,
miaka thelathini chini ya ardhi,
vumbi la makaa bado limechora michirizi ya samawati
ndani ya ngozi ya mabega yake.
Aliketi kwenye ngazi ya tatu, maji kiunoni,
mikono yote miwili imeshika chuma.

Wanasema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Hawasemi uyaoge kwa haraka gani.

Mwalimu wetu, Kinga, ana miaka ishirini na miwili
na filimbi ambayo hakuipuliza hata mara moja.
"Maji yatakubeba," alimwambia, "ukiyaruhusu."
"Huyajui maji, binti.
Mimi niliyasikia kabla sijayaona.
Alojz alikuwa nyuma yangu, hatua nne,
labda tano."
Akanyamaza hapo.
Pampu ikanguruma. Harufu ya klorini ikatuwasha macho,
au tulisingizia klorini.

Nilidhani atatoka, avae, arudi kwake.
Kinga hakumjibu. Alikuja akaketi naye kwenye ngazi ileile,
akashusha kinywa majini
akapuliza mapovu, kama mtoto anayechezea supu.
Otylia akafuata. Mapacha wakafuata,
safari hii bila kubishana.
Nami nikapuliza, pua ikanywa, nikakohoa vibaya,
na kicheko cha kwanza usiku ule kilikuwa juu yangu.

Ndipo Zdzisław akainamisha uso.
Moja.
Mbili.
Kichogo chake cheupe kikielea kama kibakuli kilichosahauliwa.
Tatu.
Akainuka, maji yakimtiririka kwenye masharubu,
akatutazama mmoja mmoja
kama mtu anayehesabu waliopanda juu.
"Humu ndani," alisema, "kuna mwanga."

Kwenye karatasi pana safu ya maendeleo.
Mbele ya jina lake Kinga aliandika: sekunde tatu.
Mbele ya langu: anakohoa vizuri.

Bado sijui kuogelea.
Juzi niliachia ukingo kwa pumzi mbili,
nikarudi kuukumbatia kama mume aliyetoka vitani,
kisha nikangoja basi kwenye baridi,
nywele zikigandia ndani ya skafu.

Wiki hii nilikuta boila haijazimwa.
Saa mbili na dakika ishirini, kwenye dirisha langu dogo,
alisimama meneja, taulo begani,
macho yake kwenye vigae.
Aliuliza bei, kana kwamba si yeye aliyeipanga.

Nikamkatia tiketi.